Harmonika ya matundu 10: kwanini noti zimepangwa vile, na jinsi ya kuutumia huo mpangilio

Mtu akinunua harmonika ya matundu 10 kitu cha kwanza ni kutafuta do re mi kuanzia tundu la 1. Anapuliza anapata do, anavuta anapata re, anahamia la 2 anapuliza anapata mi, safi kabisa, anavuta akitegemea fa na inatoka so. Fa haipo. Anaenda la 3 anapuliza inatoka so ileile tena, anavuta inatoka ti, kwa hiyo noti ya la nayo haipo. Wengi hapo wanaamini wameuziwa kitu kibovu, inaingia kwenye droo na ndo imetoka. Jamani, harmonika yako ni nzima. Zile noti mbili ziliachwa makusudi, na ukishajua ziliachwa kwa ajili ya nini utaweza kuipiga, utajua ipi ununue, na ukitaka utaibadilisha mwenyewe kwa tupa ndogo.

Ntatumia do re mi badala ya herufi manake aliyepita kwaya hata mwaka mmoja anaijua, na pia inakubali kwa harmonika ya kii yoyote. Kama yako ni ya C basi do ni C, kama ni ya G do ni G, mpangilio haubadiliki.

Chukua karatasi uandike hivi, uibandike sehemu unapofanyia mazoezi:

Tundu: 1 – 2 – 3 – 4 – 5 – 6 – 7 – 8 – 9 – 10
Puliza: do – mi – so – do – mi – so – do – mi – so – do
Vuta: re – so – ti – re – fa – la – ti – re – fa – la

Sasa angalia mstari wa kupuliza peke yake. Do mi so, do mi so, do mi so, do. Hakuna kingine pale. Yaani popote utakapoweka mdomo ukapuliza, hata ukifunika matundu matatu kwa pamoja, kinachotoka ni kodi ya do (kodi zile za gitaa, siyo za serikali) na haiwezekani kukosea. Mstari wa kuvuta nao angalia mwanzoni, 1 mpaka 4: re so ti re. Zipange vizuri ni so ti re, yaani kodi ya so. Ukiongeza na tundu la 5 unapata so ti re fa, ile kodi ya saba ambayo kila anayesindikiza nyimbo za kanisani anajua inakuita urudi nyumbani kwenye do.

Hapo ndo siri yote ilipo. Aliyepanga hizi noti hakuwa anatafuta skeli kamili (do re mi yote mpaka do inayofuata), alikuwa anatafuta kodi mbili, ya do na ya so, kwasababu nyimbo za kienyeji za watu wa Ulaya ya kati, zile za kucheza za Wajerumani na Waaustria, sehemu kubwa zinaenda kwa kodi hizo mbili tu. Mtu mmoja apige wimbo na ajisindikize mwenyewe kwa mdomo huohuo. Ili kodi ya so ikae vizuri kule chini kwenye sauti nzito, ilibidi fa na la zipishe.

Hii kazi ilianza miaka ya 1820. Vyombo vya ndimi huru, yaani kibamba chembamba cha shaba kinachotetemeka hewa ikipita, China walikuwa navyo karne nyingi kabla (sheng ndo kinajulikana zaidi), ila vile vidogo vya kushika mkononi viliibuka Ujerumani na Austria miaka hiyo. Christian Friedrich Ludwig Buschmann wa Berlin anatajwa sana kama wa kwanza, mwaka 1821, ingawa wanaofuatilia historia hawakubaliani. Kwenye mpangilio wenyewe jina lililobaki ni Richter, na anayetajwa ni Joseph Richter wa Haida, Bohemia, mji ambao leo ni Nový Bor kule Czech. Nalo linabishaniwa, lakini ukikuta boksi limeandikwa Richter ujue ni mpangilio huu huu niliokuandikia.

Kinachonifurahisha mimi ni kwamba harmonika haikuwa peke yake. Mwaka 1829 Cyrill Demian alisajili akodioni yake Vienna, na kila kitufe kilitoa kodi moja ukisukuma na nyingine ukivuta. Mwaka 1834 Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz akaleta konsetina ya kusukuma na kuvuta. Yaani wazo lilikuwa hewani kwa mafundi wa eneo lile: hewa ikienda huku inakupa nyumbani, ikirudi inakupa kile kinachokutoa nyumbani. Mpaka leo aliyezoea akodioni ya vitufe ya kusukuma-kuvuta akishika harmonika anajikuta anaelewa haraka, kwenye ile oktavu ya kati (do mpaka do inayofuata) vidole vyake na mdomo wako vinafuata mantiki moja.

Halafu Matthias Hohner, fundi saa wa Trossingen, akaanza kutengeneza mwaka 1857, mwaka wa kwanza harmonika 650 tu. Baadaye kampuni ikawa inapeleka mzigo mkubwa Marekani, ile harmonika yao ya Marine Band ya 1896 bado inatengenezwa, na mpangilio ukasambaa duniani ukiwa ndani ya kiboksi cha mfukoni.

Haya tuje kwenye kupiga. Skeli kamili bila kukosa hata noti moja iko katikati, tundu la 4 mpaka la 7. Anzia hapo, achana na la 1 kabisa kwa sasa:

4 puliza (do), 4 vuta (re), 5 puliza (mi), 5 vuta (fa), 6 puliza (so), 6 vuta (la), 7 vuta (ti), 7 puliza (do).

Umeona pale mwishoni? Ulikuwa unaenda puliza vuta, puliza vuta, ghafla ukifika la 7 unavuta kwanza ndo unapuliza. Kila anayeanza anakwama hapo na anadhani ni shida ya pumzi. Siyo pumzi, ni hesabu. Skeli ina noti saba, tatu (do mi so) zimechukuliwa na kupuliza, zinabaki nne (re fa la ti) za kuvuta. Sasa kila oktavu kupuliza kunatumia matundu matatu lakini kuvuta kunahitaji manne, kwa hiyo mstari wa kuvuta unachelewa tundu moja kila ukipanda oktavu. Mpaka la 6 noti ya kuvuta iko juu ya ile ya kupuliza, kuanzia la 7 inageuka, ya kuvuta ndo iko chini. Piga polepole ukitamka moyoni "vuta ti, puliza do" mpaka mdomo uzoee, usiruke hii hatua, nyimbo nyingi sana zinapita hapohapo.

Na hesabu hiyohiyo inaeleza kwanini oktavu za kuvuta zinasumbua. Ukitaka do mbili kwa pamoja unapuliza la 1 na la 4 huku ulimi umeziba la 2 na la 3, na ukihamia 4 na 7, au 7 na 10, nafasi ni ileile. Kwenye kuvuta, re iko 1 na 4, halafu re inayofuata iko la 8, kwa hiyo 4 na 8, ulimi unatakiwa uzibe matundu matatu. Ti iko 3 na 7, fa 5 na 9, noti ya la 6 na 10, zote za upana huo mkubwa. Ukijua hivi unapanua mdomo kidogo kabla ya kuvuta na inatoka safi.

Wajerumani wa zamani walipiga hivi: mdomo unafunika matundu manne, ulimi unaziba matatu ya kushoto, la kulia linapiga wimbo, halafu ulimi unajitoa na kurudi kwenye mapigo na kodi inaingia chini kama gitaa la kusindikiza. Jaribu na wimbo wowote wa pole pole unaoujua. Hapo ndo utasikia kwa masikio yako kwanini waliacha fa na la: wimbo unatembea juu, kodi iko chini, na chochote utakachogusa na ulimi kinakubaliana. Ile fa ingekuwepo tundu la 2 ingeharibu kila kitu. Nawaomba sana msiruke hili zoezi, wengi siku hizi wanajifunza tundu mojamoja tu na hawajawahi kusikia chombo chao kikifanya kazi kiliyotengenezewa.

Sasa kuja kwenye fa na la zilizopotea. Zinapatikana, na zinapatikana kwa kubendi, yaani kuishusha noti kwa kubadilisha umbo la mdomo na koo wakati unavuta. Kanuni ni moja na inafaa uielewe kuliko kukariri: kila tundu lina ndimi mbili, ya kupuliza na ya kuvuta, na noti ya juu kati ya hizo mbili inaweza kushuka kuelekea ile ya chini, ikikaribia kabisa inaishia hapo. Kwa hiyo angalia pengo. Tundu la 1, do na re, pengo ni toni moja, unapata nusu toni moja katikati. Tundu la 2, mi na so, unapata mbili, fa iliyopanda nusu (wanakwaya wanaiita fe) na chini yake fa yenyewe. Tundu la 3, so na ti, pengo kubwa kuliko yote, unapata tatu: ti iliyoshuka nusu, halafu la, halafu la iliyoshuka nusu. La 4 na la 6 mojamoja. La 5 karibu hakuna kitu kwasababu mi na fa zimeshikana, na la 7 hivyohivyo ti na do. Kuanzia la 8 kwenda juu unabendi kwa kupuliza, kwasababu huko ya kupuliza ndo iko juu: la 8 moja, la 9 moja, la 10 mbili, na mojawapo ni ti ambayo juu kule nayo haipo.

Rudia hiyo aya ukiwa na karatasi yako mbele. Pale walipoacha noti ili kodi ikae, pengo likawa kubwa, na pengo likiwa kubwa noti inabendika mpaka kwenye ileile iliyoachwa! Fa iliyokosekana iko ndani ya tundu la 2, la iliyokosekana iko ndani ya tundu la 3, ti ya juu iko ndani ya la 10. Waliopanga hawakuwa wanafikiria kubendi kabisa, walikuwa wanafikiria nyimbo za kijijini kwao.

Walioligundua hilo na kuligeuza muziki mzima ni Wamarekani weusi wa kusini. Waliishika harmonika ya do wakaipiga kana kwamba nyumbani ni so, yaani wakaishi kwenye ile kodi ya kuvuta, 1 mpaka 4. Kuvuta ndo kunabendika kule chini, kwa hiyo nyumbani kwao kukawa na noti za kulia na kulalamika kama sauti ya mtu. DeFord Bailey alikuwa anasikika redioni Nashville miaka ya 1920, baadaye Little Walter kule Chicago akaiweka kwenye maiki na amplifaya, na karibu bluzi yote ya harmonika unayoisikia inapigwa hivi. Wanaiita pozisheni ya pili.

Namna ya kuifanya: mpiga gitaa akikwambia wimbo uko G, chukua harmonika ya C. Wimbo wa A chukua ya D, wa D chukua ya G, wa E chukua ya A. Halafu piga hii skeli ya bluzi kuanzia la 2:

2 vuta, 3 vuta umeishusha nusu, 4 puliza, 4 vuta umeishusha, 4 vuta kawaida, 5 vuta, 6 puliza.

Ile ya 3 ndo ngumu kuliko zote kwasababu ina vituo vitatu na mdomo haujui usimame wapi. Fungua programu ya tyuna (ya kupima noti) kwenye simu, vuta la 3 kawaida, sogeza ulimi nyuma taratibu kana kwamba unatoka kutamka "ii" kwenda "uu", uone sindano inashuka mpaka wapi. Ukifika nusu toni shikilia hapo, pumua, anza tena. Usivute kwa nguvu, nguvu inaua ulimi wa chombo na haikusaidii chochote, kazi inafanywa na umbo la mdomo.

Kidogo kuhusu hiyo tyuna, manake inachanganya watu. Ukipima tundu la 5 kuvuta kwenye harmonika zilizotyuniwa kwa mtindo wa zamani utakuta fa iko chini kwa karibu senti 30 (senti 100 ni nusu toni). Usiiguse! Imeshushwa kwa makusudi ili kodi ya so ti re fa itoke laini bila kugongana. Kama kazi yako ni kodi, hiyo ndo unayoitaka. Kama kazi yako ni kupiga wimbo noti mojamoja pamoja na kinanda au gitaa, tafuta zilizotyuniwa sawa na kinanda.

Upande wa kununua, nitasema haraka. Zile ndefu zenye mistari miwili ya matundu, mara nyingi 24, zinazotoka na sauti ya kutetemeka, kila noti ina ndimi mbili zinazotofautiana kidogo ndo maana ya ule mtetemo. Za Asia mpangilio wake umejazwa fa na la kule chini, ni nzuri sana kwa nyimbo, ila hazibendiki kwa namna ya bluzi. Za kromatiki, zile zenye kitufe pembeni, zina matundu 12 na oktavu tatu, na waliozipanga walitatua ile hesabu ya tatu kwa nne kwa kuongeza do: puliza do mi so do, vuta re fa la ti, kila matundu manne ni oktavu moja na inajirudia bila kuchelewa, na kitufe kinapandisha kila noti nusu toni. Stevie Wonder na Toots Thielemans ndo chombo chao. Noti zote zipo lakini kodi ya so haipo tena, ukivuta manne pamoja unapata re fa la ti basi. Hakuna mpangilio unaokupa vyote, kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye bluzi au kujisindikiza mwenyewe chukua matundu 10, kama ni jazi na nyimbo zenye noti za katikati nyingi chukua kromatiki.

Na kama una ya matundu 10 ila unataka nyimbo tu bila kuhangaika kubendi, unaweza kubadilisha. Brendan Power, mpigaji aliyezaliwa Kenya akakulia New Zealand, aliangalia ile so inayojirudia, 2 vuta na 3 puliza, akaona moja inatosha, akaipandisha ya 3 puliza toni nzima ikawa la. Kwa noti moja tu skeli ya chini inapata la ya wazi. Mpangilio huo unaitwa Paddy Richter na nyimbo za Kiairishi zinakaa humo vizuri mno. Unachopoteza ni kodi ya do kule chini, ukipuliza 1, 2, 3 sasa unapata do mi la, kodi ya huzuni.

Ila kwa mara ya kwanza nakushauri uanze na tundu la 5 kuvuta, kupandisha fa nusu toni iwe fe. Sababu ni mbili, nusu toni ni chuma kidogo cha kukwangua, na ndimi za kuvuta ziko nje ya bati la chini, hazifichwi, wakati za kupuliza ziko ndani na lazima ubomoe mpaka mwisho. Ukiwa na fe na unapiga ukianzia so unapata skeli nzuri ya furaha, so la ti do re mi fe so, ukiipata noti ya la kwa kubendi tundu la 3.

Tumia harmonika yenye skrubu, isiwe ya misumari, na iwe ya bei ndogo. Fungua vifuniko kwa bisibisi. Geuza bati la chini juu, hesabu ndimi kuanzia ile ndefu mpaka ya tano. Pitisha fila ya fundi pikipiki (kibamba cha kupimia mianya), ile nyembamba kabisa, chini ya ulimi ili uwe na kitu cha kuegemea. Kwangua kwa tupa ndogo kwenye ncha, ule upande ulio huru, kwa urefu wa ulimi na siyo kukata kwa upana, mkwaruzo wa upana unakuwa ufa baadaye. Mara tatu nne tu, toa fila, puliza vumbi, vuta usikie na upime. Kupunguza chuma kwenye ncha kunapandisha noti, kupunguza karibu na ribiti (pale ulimi ulipofungwa) kunaishusha, kwa hiyo ukipitiliza kwangua kidogo kule kwa ribiti irudi. Pumzisha dakika kadhaa kabla ya kupima mara ya mwisho, ulimi ukiwa na joto la mkono na pumzi unasoma tofauti. Ikishakaa rudisha vifuniko bila kukaza skrubu mpaka mwisho upande mmoja, kaza kushoto kidogo kulia kidogo, halafu vuta 4 na 5 kwa pamoja usikilize kama kuna hewa inavuja. Andika fe kwenye ile karatasi yako tundu la 5, na weka alama kwenye kifuniko ili usije ukaichanganya na ya kawaida ukiwa jukwaani.